Kazi ya Mkono na Kipenda Roho

Hotuba iliyosomwa na fundi wa njia ya reli mbele ya wanachama, wazazi na wanagenzi, Malaba



Katibu ameniomba niseme juu ya neno moja ambalo huletwa ofisini mara kwa mara. Mzazi huja akasema, "Mwanangu amemaliza shule. Nimemtafutia mahali pa kujifunza ufundi, hataki. Asema roho yake iko kwenye muziki." Mwingine asema roho ya wake iko kwenye mpira. Halafu kijana naye huja kesho yake, peke yake, akasema, "Baba ataka nifanye kazi nisiyoipenda mpaka nizeeke. Je, hayo ni maisha?" Katibu hana dawa ya kuwaponya wote wawili, ndiyo sababu amenisukumia mimi.

Sikuchaguliwa kwa sababu ya elimu. Nilisoma shule ya msingi ya misheni mpaka darasa la nane. Karo ya sekondari haikupatikana, nikaingia kwenye genge la njia kama kibarua, kazi ya kubeba mataruma na kushindilia kokoto. Baadaye nilifanya mtihani wa ufundi, nikapanda gredi moja baada ya nyingine. Na jioni napiga gitaa kavu, kama wale walionisikia harusini wajuavyo. Kwa hiyo niko kama mtu aliyesimama katikati ya daraja la mto Malaba: naziona ng'ambo zote mbili.

Wahenga walisema kwamba kipenda roho hula nyama mbichi. Maana yake ni kwamba mtu akipenda kitu hatangoja kiive. Siku hizi vijana wetu huambiwa maneno matamu redioni na kwenye simu: fuata unachokipenda, na fedha zitakufuata. Ndugu zangu, mimi sijaona fedha zenye miguu ya kumfuata mtu. Neno langu leo ni hili. Tafuta kwanza kazi ambayo watu wanaihitaji. Ijue mpaka uitwe fundi. Kisha kazi hiyo ndiyo ikibebe kile ambacho roho yako inakipenda. Na pale ambapo kazi inakataa kukibeba, hapo ndipo chama kinapoingia.

MIJI YETU ILIZALIWA NA HAJA

Tazameni miji yetu hii miwili. Ni nani aliyeamka asubuhi, kijana wa Kiteso au wa Kisamia au wa Kikhayo, akasema, "Roho yangu inatamani kupita na makaratasi ya lori kwenye dirisha la forodha"? Hakuna. Kazi hiyo ilikuja kwa sababu mpaka uko hapa na mizigo inapita hapa. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani, Kisumu, mwaka 1901. Njia yetu inayopita Nakuru, Eldoret na Bungoma ilijengwa miaka ya 1920, na mwaka 1931 gari la moshi likafika Kampala. Malaba ni mji kwa sababu treni lazima livuke mto mahali fulani. Busia ni mji kwa sababu barabara nayo lazima ivuke.

Na mfano ulio bora kuliko yote tumeutoa sisi wenyewe, ukaenea Afrika Mashariki nzima. Miaka ya 1960, pale Busia, kati ya lango moja la mpaka na lango la pili palikuwa na mwendo unaozidi nusu maili. Mtu alishuka kwenye basi na mzigo wake, akatazama mwendo ule na jua lile, akachoka kabla hajaanza. Vijana wenye baiskeli wakaona haja hiyo. Wakafunga kiti nyuma, wakawa wanaita abiria, "Boda! Boda!", yaani kutoka mpaka hadi mpaka. Kazi hiyo ikaja Malaba, ikaenda Kampala, ikaenda Nairobi, na leo neno lenyewe linajulikana mbali sana. Hakuna mtoto aliyezaliwa akitamani kumwendesha mtu mzima kwa baiskeli juani. Waliona abiria ana shida, wakaiondoa, wakalipwa, wakalisha nyumba zao na kusomesha watoto.

Nataka vijana walishike hilo. Kazi nyingi zinazotulisha hazikuanza na swali, "Mimi napenda nini?" Zilianza na swali, "Watu hawa wanahitaji nini, nami naweza kuwafanyia?"

MAPENZI YA WATU SI PENSHENI

Kijana atanijibu, "Lakini, mzee, wako watu waliofuata roho zao wakawa wakubwa." Ni kweli, wako. Nami nitamtaja mmoja ambaye sisi watu wa Magharibi tunamwonea fahari, marehemu Joe Kadenge. Alizaliwa mwaka 1935, akafa mwaka 2019. Aliichezea Abaluhya na timu ya taifa, na katika nchi hii yote watu walisema "Kadenge na mpira", hata wale ambao hawakupata kumwona uwanjani. Sijui kama mchezaji mwingine wa Kenya amepata kupendwa namna hiyo. Lakini baada ya siku zake za mpira, bwana huyu alikuwa akiendesha teksi Nairobi.

Simsemi kwa ubaya. Kuendesha teksi ni kazi ya heshima, na wengi hapa ni madereva. Nasema tu kwamba makofi ya watu elfu ishirini hayanunui unga siku ya Jumatatu. Wakati ule mpira haukuwa na mkataba wala akiba ya uzeeni. Mtu alitoa miguu yake, nchi ikafurahi, kisha kila mtu akaenda nyumbani kwake. Kilichomsaidia baadaye ni kazi ambayo mtu mwingine aliihitaji: kufikishwa aendako.

Sasa tazameni upande wa pili, watu ambao walikuwa na kazi na kazi ikabeba kipenda roho chao. Kipchoge Keino alipata dhahabu Mexico mwaka 1968 na dhahabu nyingine Munich mwaka 1972. Alikuwa polisi, mwalimu wa mazoezi ya viungo. Naftali Temu, aliyepata dhahabu ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki, hapo hapo Mexico, alikuwa askari wa jeshi. Wilson Kiprugut, aliyetuletea nishani ya kwanza kabisa kutoka Tokyo mwaka 1964, naye alikuwa jeshini. Na Catherine Ndereba, ambaye aliishinda marathoni ya Boston mara nne kati ya mwaka 2000 na 2005, aliajiriwa na Idara ya Magereza. Walipokuwa wakifanya mazoezi, mshahara ulikuwa ukiingia. Mtu alipoumia mguu, alikuwa bado na cheo, nyumba na daktari. Hivyo ndivyo Kenya ilivyopata wakimbiaji wake wengi, kupitia polisi, jeshi na magereza.

Na kwa wale wenye kalamu, nitataja jina ambalo kila aliyesoma Kiswahili shuleni analijua. Shaaban Robert, mzaliwa wa karibu na Tanga mwaka 1909, ameacha vitabu zaidi ya ishirini. Mnajua alikuwa akifanya kazi gani? Alikuwa karani wa forodha! Tangu mwaka 1926 hadi 1944 alitumikia forodha ya Tanganyika, kazi ile ile ambayo ndugu zetu wanaifanya hapa mpakani: hesabu ya mizigo, ushuru, mihuri. Baadaye akahamishiwa idara nyingine za Serikali, na hakutoka kazini ila miaka michache kabla ya kufa kwake mwaka 1962. Vitabu vyake vingi aliviandika akiwa mtumishi wa mshahara. Kwa hiyo, karani wa Malaba unayesema kwamba muhuri umeiua roho yako, fikiri tena. Muhuri haukuiua roho ya Shaaban Robert.

KAZI HUFA, UJUZI HAUFI

Hapa wazee wangu wastaafu wananitazama, nami najua wanafikiri nini. Wanafikiri, "Huyu kijana anasifu kazi ya maana, na sisi tuliambiwa reli ni kazi ya maana. Iko wapi?" Wana haki ya kuuliza, na hotuba isiyojibu swali hilo ni ya uongo.

Reli ilikuwa mama wa wengi. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki liliundwa mwaka 1948, likawa na nyumba, hospitali na shule ya mafunzo. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na reli ikagawanywa, kila nchi na yake. Mwaka 2006 uendeshaji wa treni Kenya na Uganda ukakabidhiwa kampuni ya watu binafsi, na maelfu ya wafanya kazi wa reli wakapunguzwa. Mwaka 2017 mkataba huo nao ukavunjwa. Mwaka huo huo reli mpya ya SGR ikaanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi, na mwaka 2019 ikafika upande wa Naivasha. Kwa hiyo aliyemwambia mwanawe, "Ingia reli, hutalala njaa mpaka kaburini," hakusema jambo la hakika.

Lakini tuangalie vizuri kilichokufa na kilichobaki. Wazee wanakumbuka zile injini kubwa za mvuke za Garratt, za daraja la 59. Zilikuwa 34, zilitengenezwa Manchester na Beyer Peacock, zikaletwa miaka ya 1955 na 1956, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Karibu na mwaka 1980 mvuke ulikuwa umekwisha, dizeli imeshika njia. Moja ya injini hizo, yenye jina la mlima Gelai, inatazamwa na watoto wa shule kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Sasa, kazi ya kuwasha moto wa injini ya mvuke ilikufa. Lakini fundi aliyejua kusoma mchoro, kupima chuma, kukata na kuchomelea, hakufa na injini. Chuma cha dizeli ni chuma kile kile. Na aliyetoka reli kabisa alichomelea milango, trela za malori na matangi ya maji, maana mpini wa kuchomelea hauulizi bwana wake ni nani.

Na njiani ni hivyo hivyo. Upana wa reli yetu ya zamani ni mita 1. Upana wa SGR ni milimita 1,435. Kipimo kimebadilika, lakini mtu anayejua kwa nini reli hupinda kwa joto, kwa nini kokoto huoshwa na mvua, na jinsi ya kusawazisha kona, ujuzi wake unafaa kwenye upana wowote. Novemba 2024 Uganda ilizindua ujenzi wa SGR yake kutoka Malaba kwenda Kampala. Kazi kama hiyo ikija, mwajiri haulizi ni nani anayependa reli. Anauliza ni nani mwenye cheti.

Kwa hiyo ninaposema kazi ya maana sisemi jina la shirika. Msimfundishe mtoto kutafuta jina. Mfundisheni kutafuta ujuzi ambao akifukuzwa kazi jioni anatoka nao langoni, na mlinzi hawezi kumpekua akaupata.

Waulizeni watu wa baiskeli wa Busia. Mwaka 2008 Serikali iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, na pikipiki zikajaa nchi yote. Yule ambaye alijua kukanyaga tu, alipata taabu. Yule ambaye alijua kufungua gurudumu, kukaza mnyororo na kuziba pancha, alikuwa tayari na nusu ya ufundi wa pikipiki.

SAA SITINI

Sasa nakuja kwenye neno la yule kijana: "Nitafanya kazi nisiyoipenda mpaka nizeeke." Simcheki. Iko kazi inayommeza mtu mzima mzima, akabaki gamba. Lakini tupige hesabu pamoja, mwenye kalamu aandike.

Juma lina saa 168. Amri ya jumla ya mishahara ya Kenya inaweka juma la kazi la saa 52 kwa siku sita. Lala saa nane kila usiku, ni saa 56. Jumlisha, upate 108. Toa kwenye 168. Zinabaki saa 60. Saa sitini, ndugu zangu! Ondoa kwenda na kurudi kazini, ondoa shamba, watoto, kanisa au msikiti. Zikibaki kumi tu, mpiga gitaa ana saa kumi kila juma, na mwaka ukiisha ana zaidi ya saa 500. Mtu hawezi kupiga gitaa saa 500 asilijue.

Lakini saa hizo sitini ni za nani? Hapo ndipo penye vita. Kibarua ambaye hajui kama kesho atachukuliwa, hana saa sitini. Anazitumia kusimama langoni. Mama anayepakua magunia Busia bila mkataba hana siku ya kupumzika, maana siku asiyokuja ni siku asiyokula. Dereva wa lori aliyekwama kwenye foleni ya Malaba usiku na mchana, hana anachokipenda ila usingizi. Mtu akiwa katika hali hiyo, usimwambie afuate roho yake, na wala usimwambie kwamba kazi yake ni ya maana. Mwambie ajiunge na chama.

Saa hizi hazikutolewa bure na mtu. Mwaka 1919 mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi la Kimataifa ulikuwa juu ya siku ya kazi ya saa nane. Hapa kwetu, mwaka 1936, chama cha Nairobi ambacho katibu wake alikuwa Makhan Singh kilidai siku ya saa nane. Nataka niseme kidogo juu ya bwana huyu, kwa sababu maisha yake yanahusu neno la leo. Baba yake alikuja Kenya akiwa fundi wa reli, kisha akafungua kiwanda cha kupiga chapa Nairobi. Makhan Singh alikuja akiwa kijana mwaka 1927, akafanya kazi katika kiwanda hicho. Roho yake ilikuwa kwenye mashairi ya Kipunjabi, na kwenye haki ya mfanya kazi. Hakuiacha chapa ili afuate hayo. Chapa ilimlisha, na ujuzi wa chapa ukawafaa wafanya kazi, maana chama hakiendi bila karatasi. Wakoloni walimweka kizuizini tangu mwaka 1950 hadi 1961, lakini saa zile alizozipigania hazikuwekwa kizuizini. Sisi tunaosoma jarida hili lililopigwa kwenye mashine ya ofisi, tumkumbuke.

Leo tunayo Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Wanagenzi, ijueni kabla hamjashika nyundo. Inataka kila mwajiriwa apate angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Inataka likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 kila baada ya miezi 12 ya kazi, kwa mshahara kamili. Na kifungu cha 37 chasema kwamba kibarua akifanya kazi mfululizo, zikatimia siku zisizopungua mwezi mmoja, haki zake si za kibarua wa siku tena: ahesabiwe kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Wengi wetu hapa hubaki vibarua miaka kwa sababu hawakijui kifungu hicho, au wanakijua na kila mmoja anaogopa kukitaja akiwa peke yake. Ndiyo kazi ya chama. Saa sitini za mtu mmoja ni rahisi kuibwa. Za watu mia si rahisi.

KWA WAZAZI

Sasa wazazi, msifurahi mno kana kwamba nimesema upande wenu tu. Kuna baba ambaye akisema "kazi ya maana" ana maana ya ofisi, shati jeupe na kiti kinachozunguka. Amuuzie mwanawe shamba apate cheti cha kazi ambayo hapa hakuna aihitajiye, na akikosa ofisi akae nyumbani akingoja. Hiyo nayo ni kipenda roho, ila roho ni ya baba. Kijana anayejua kutengeneza jokofu la samaki Busia ana kazi ya maana kuliko karani asiye na meza.

Tena msiwafungie wasichana mlango. Nimeona wasichana wanachomelea, na mshono wao umenyooka kuliko wa wavulana wengi, kwa sababu hawana haraka ya kujionyesha. Umeme hauulizi aliyeushika ni mke au mume.

Wala msivunje gitaa la mtoto. Mzazi anayevunja gitaa hajampa mtoto kazi, amempa kinyongo tu. Patana naye kama watu wazima wanavyopatana: "Asubuhi karakana, jioni gitaa. Ukipata gredi ya tatu, tutazungumza tena." Akiwa na cheti mfukoni, akitaka kujaribu Nairobi mwaka mmoja, mwache ajaribu. Akishindwa, ana pa kurudi. Akishinda, hakuna mtu wa studio atakayemnunua kwa sahani ya chakula, maana hana njaa. Mwenye njaa hutia sahihi karatasi yoyote.

MASWALI MANNE

Kabla sijakaa, nawapa vijana maswali manne. Ukiambiwa habari ya kazi, iulize kazi hiyo:

La kwanza: ni nani hapa anayeihitaji, na ataihitaji tena mwezi ujao? Zunguka mwenyewe Malaba na Busia. Hesabu malori yaliyoharibika, hesabu nyumba zinazojengwa, hesabu majokofu, pampu na pikipiki. Mji utakujibu.

La pili: nitajifunza wapi, na nitapata cheti gani? Swali hili ni la zamani. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa taarifa iliyouliza kijana afanye nini baada ya shule, na kutokana nayo vikazaliwa vyuo vya ufundi vya vijijini. Leo tuna chuo cha ufundi cha Bumbe huko Funyula, katika kaunti yetu hii ya Busia. Kuna kituo cha mafunzo ya viwandani Kisumu, na kuna Chuo cha Reli Nairobi, kilichoanzishwa mwaka 1956. Na aliyejifunza jua kali, bila kukanyaga sekondari, anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA: gredi ya tatu, ya pili, halafu ya kwanza. Mimi wa darasa la nane ni shahidi wenu.

La tatu: kazi hii ikifa, nitabaki na nini mikononi? Kama jibu ni "hakuna", tafuta nyingine.

La nne: itaniachia saa zangu, na kama haiachii, je, kuna chama cha kuzidai?

Hamkusikia swali la tano, "Je, naipenda?" Sikulisahau. Nimeliacha kwa sababu mtu hawezi kulijibu kabla hajaifanya kazi vizuri. Mimi sikuipenda njia ya reli siku ya kwanza, wala mwezi wa kwanza. Mikono ilitoka malengelenge na jua lilinichoma. Nilianza kuipenda siku nilipoweza kuinama juu ya reli, nikafunga jicho moja, nikaona kasoro ambayo wengine hawakuiona, tukairekebisha, na treni la mizigo likapita juu yake bila kutikisika. Mapenzi mengine huja kabla ya kazi, nayo huondoka upesi. Haya ya baada ya kazi hukaa.

Ndugu zangu, katibu ana orodha ya tarehe za mitihani ya ufundi, na ana nakala ya kifungu cha 37 kwa Kiswahili. Mwanagenzi yeyote asitoke hapa bila kuandikisha jina. Na kibarua yeyote aliyepita mwezi kazini abaki kidogo, tuzungumze naye pembeni.

Umoja ni nguvu.